Toni za Kichina, Kitibeti na Kiburma: zilitoka wapi, na zinafanyaje kazi ndani ya sentensi?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mjadala wa kujifunza Kichina unapoibuka humu, hoja ileile hurudi: kwamba Wachina huimba wanapozungumza, kwamba toni wamezaliwa nazo, na kwamba sisi tuliokulia katika Kiswahili hatuna masikio ya kuzipokea. Naomba kuipinga hoja hiyo kwa ushahidi wa lugha zenyewe. Familia ya lugha za Kisino-Tibeti ina lugha zaidi ya 400, kuanzia Kimandarini cha Beijing hadi Kinewari cha bonde la Kathmandu, na ndani yake zimo lugha zenye toni nyingi, zenye toni mbili tu, na zisizo na toni kabisa. Jambo ambalo ndugu wa ukoo mmoja wanatofautiana kiasi hicho haliwezi kuwa la asili ya ukoo. Toni ziliingia baadaye, na mahali pengi tunaweza kuonyesha mlango ziliopitia, nao ni kufa kwa konsonanti.

Nianze na istilahi, maana zikichanganywa mjadala wote hupotea. Mkazo ni uzito tunaouweka juu ya silabi fulani, na ndio unaotutenganishia barabára ya magari na barábara yenye maana ya sawasawa. Kiimbo ni kupanda na kushuka kwa sauti katika sentensi nzima, kama tunavyoligeuza "Amefika" kuwa swali bila kuongeza neno. Toni ni kidatu cha sauti, yaani ujuu au uchini wake, kilichomo ndani ya neno lenyewe, kiasi kwamba ukikibadili umetamka neno jingine. Yote haya matatu, pamoja na urefu wa silabi na vituo, ndiyo arudhi ya lugha ya mazungumzo.

Kimandarini kina toni nne, mbali na silabi hafifu zisizo na toni yake zenyewe. Mwanaisimu Chao Yuen Ren alipendekeza mwaka 1930 tuzipime kwa ngazi tano, 1 ikiwa ya chini kabisa na 5 ya juu kabisa. Kwa kipimo hicho toni ya kwanza ni 55, imetulia juu. Ya pili ni 35, inapanda. Ya tatu ni 214, inazama kisha inainuka. Ya nne ni 51, inaporomoka. Wengi mmefundishwa kwa mā, má, mǎ, mà: mama, katani, farasi, kutukana. Ni mfano mzuri wa darasani, lakini hautuambii toni zilitoka wapi.

Tazameni badala yake maneno mawili, "mimi" na "tano", katika ndugu watatu wa familia hii. Nitaandika ng' kwa sauti ileile ya ng'ombe. Katika Kitibeti cha Lhasa, "mimi" ni ng'a kwa toni ya chini, na "tano" ni ng'a kwa toni ya juu. Maandishi ya Kitibeti, yaliyoanza karne ya 7, hayana alama yoyote ya toni, ila "mimi" huandikwa *nga* na "tano" huandikwa *lnga*, yaani kuna herufi l mbele. Herufi hiyo haikuwekwa kwa urembo, ilikuwa ikitamkwa. Ukienda Amdo, kaskazini-mashariki mwa uwanda wa Tibeti, utakuta watu wanaosema Kitibeti bila toni hata moja, lakini katika "tano" yao bado inasikika konsonanti ya ziada kabla ya ng'. Lhasa wamepoteza konsonanti wakabaki na kidatu. Amdo wamebaki na konsonanti, na kidatu hawakukihitaji.

Katika Kiburma, ng'a ya toni ya chini ni "mimi", na ng'a ya toni ya juu ni "tano", na pia ni "samaki". Ukiikaza koo na kuikata sauti, ile wanayoiita toni ya kukwaruza, unapata "yangu". Maandishi ya Kiburma hubainisha yote: "mimi" halina alama, "tano" lina vidoto viwili kando, "yangu" lina kidoto kimoja chini. Hapo umiliki wote, ambao sisi tunautumilia kivumishi kizima chenye ngeli, umebebwa na namna ya kubana nyuzi za sauti.

Katika Kichina, "mimi" la maandishi ya kale ni *wú*, toni ya pili, na "tano" ni *wǔ*, toni ya tatu. Ng' ya mwanzo imepotea Beijing, lakini Kikantoni, Kichina cha Guangzhou, bado kinayo: maneno yote mawili ni ng' tupu bila irabu, moja likishuka na jingine likipanda.

Sasa, konsonanti hugeukaje kuwa toni? Fanyeni jaribio dogo. Tamka "saa", halafu "zaa", kwa utulivu, mkono ukiwa kooni. Baada ya z, irabu huanza chini kidogo kuliko baada ya s, kwa sababu nyuzi za sauti zilikwisha kulegezwa ili zitetemeke. Kwetu tofauti hiyo ni ndogo na hakuna anayeitilia maanani. Lakini lugha ikiacha kutofautisha konsonanti ghuna, zinazotetemesha nyuzi za sauti kama z na d, na zisizo ghuna, kama s na t, tofauti ile ndogo ya kidatu hubaki peke yake kutenganisha maneno, nayo hukuzwa. Ndivyo ilivyotokea China. "Mbingu" na "shamba" kwa Kimandarini ni *tiān* na *tián*. Zamani yalikuwa na toni moja. Lililotofautiana ni konsonanti ya mwanzo, "shamba" likianza na d. D ilipogeuka kuwa t, toni ikagawanyika. Shanghai, ambako konsonanti ghuna zimehifadhiwa vizuri, "shamba" bado linaanza na d.

Mlango wa pili ni mwisho wa silabi, na hapa ndipo Mswahili anapaswa kujisikia nyumbani. "Kununua" ni *mǎi*, toni ya tatu. "Kuuza" ni *mài*, toni ya nne. Wafanyabiashara wetu waendao Guangzhou huhadharishwa sana juu ya maneno haya mawili, kana kwamba yamefanana kwa bahati mbaya. Hayakufanana kwa bahati. Katika Kichina cha kale ni mzizi mmoja, na "kuuza" liliundwa kwa kuongeza kiambishi tamati -s. Sisi tuna kopa na kopesha, azima na azimisha. Hebu fikirini -esh- ingemomonyoka kwa karne nyingi, ikaacha tu mporomoko wa sauti mwishoni mwa kopa; tungekuwa na jozi kama ya Wachina. Ziko jozi nyingine za aina hiyo: *zhǒng* ni mbegu na *zhòng* ni kupanda mbegu, *hǎo* ni -zuri na *hào* ni kupenda jambo, *wáng* ni mfalme na *wàng*, katika lugha ya kale, ni kutawala. Toni ya nne katika maneno haya ni mnyambuliko uliobaki kivuli.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, shukrani kwa andiko hili. Nina swali la msingi ambalo bila jibu lake siwezi kukubali. Kitibeti kimeandikwa kwa herufi za sauti, kwa hiyo nakubali kwamba l ya zamani inaonekana. Lakini maandishi ya Kichina hayaonyeshi sauti. Nani aliisikia hiyo -s unayoisema? Isijekuwa ni dhana ya maprofesa iliyojengwa juu ya dhana nyingine.

Mleta mada

Swali lako ni la haki, ndugu, na lilikuwa gumu hata kwa wataalamu kwa muda mrefu.

Ushahidi wa kwanza ni wa Wachina wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 5, wakati wa mshairi na mwanahistoria Shen Yue, aliyeishi kati ya 441 na 513, wasomi walikwisha kutambua kwamba lugha yao ina toni nne, wakazipa majina: sawa, ya kupanda, ya kuondoka, na ya kuingia. Hizi si toni nne za leo za Beijing, tafadhali zisichanganywe. Kuna habari iliyohifadhiwa katika historia rasmi ya nasaba ya Liang kwamba Mfalme Wu alimuuliza Zhou She toni nne ni nini, naye akajibu kwa maneno manne, "Mwana wa Mbingu ni mtakatifu na mwenye hekima", ambayo kwa Kichina kila neno lake lina toni mojawapo, kwa mpangilio uleule. Ni jibu la mtaalamu na la mtumishi wa ikulu kwa pamoja. Mfalme, inasemekana, hata hivyo hakuzifuata toni hizo katika utunzi wake. Kisha mwaka 601 Lu Fayan na wenzake wakakamilisha kamusi ya vina, Qieyun, iliyopanga maneno kwa toni na kina. Kwa hiyo hali ya karne ya 6 tunaijua vizuri sana.

Ushahidi wa pili ulitoka nje. Mwaka 1954 Mfaransa André-Georges Haudricourt alionyesha kwamba toni za Kivietinamu, ambacho si cha familia hii bali ni ndugu wa Kikhmer kisicho na toni, zilitokana na konsonanti za mwisho zilizopotea: kituo cha koromeo, yaani kuikata sauti ghafla kooni, kilizaa toni za aina moja, na -s iliyogeuka -h ikazaa toni za aina nyingine. Akabaini kwamba maneno ya Kichina yaliyokopwa zamani na Wavietinamu yanafuata mpango huohuo: toni ya kuondoka ya Kichina, ambayo leo Beijing ni toni ya nne, inaangukia mahali pa -s.

Ushahidi wa tatu ndio unaonishawishi zaidi. Watafsiri wa Kibudha wa zamani walipoandika majina ya Kihindi kwa herufi za Kichina, walilazimika kutafuta herufi yenye sauti iliyo karibu. Mji wa Varanasi waliuandika kwa herufi tatu, na ya mwisho, inayosomwa leo *nài* kwa toni ya nne, ndiyo iliyobeba "-nas". Mtafsiri hakuwa na nadharia yoyote ya toni akilini; alikuwa anaandika alichosikia.

Mchangiaji wa pili

Mimi nafundisha Kimandarini kwa wanafunzi wa Kiswahili, na ningependa kuongeza jambo kuhusu toni inapoingia katika sentensi, maana huko ndiko wanafunzi wanakovunjika moyo. Wanajifunza toni nne kwa silabi mojamoja, wanafaulu vizuri, kisha wanasikiliza mazungumzo ya kweli na hawazioni tena.

Toni ya tatu ndiyo yenye lawama kubwa. Ile 214 ya vitabuni husikika kamili mwishoni mwa usemi au neno linapotamkwa peke yake. Mahali pengine pote ni toni ya chini tu, karibu 21, bila kuinuka. Mwanafunzi anayejitahidi kuizamisha na kuiinua kila mara huharibu mwendo wa sentensi nzima. Siku hizi ninaifundisha kama toni ya chini tangu siku ya kwanza, na kule kuinuka nakutaja baadaye kama jambo la pembeni.

Pili, toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hugeuka kuwa ya pili. Ndiyo maana salamu *nǐ hǎo* husikika *ní hǎo*. Zikiwa tano je? Chukueni sentensi maarufu kwa wanaisimu, *Lǎo Lǐ mǎi hǎo jiǔ*, "Mzee Li ananunua pombe nzuri", silabi zote tano zikiwa na toni ya tatu. Msemaji wa taratibu, anayepumua kidogo baada ya jina, atasema 2-3, kisha 3-2-3: jina ni fungu moja, kitendo na yambwa ni fungu jingine. Akiharakisha kiasi atasema 2-2-3-2-3, na akiharakisha zaidi 2-2-2-2-3. Zote ni sahihi. Kwa hiyo toni unayoisikia inategemea sarufi ya sentensi na kasi ya msemaji, na hapo toni na arudhi haziwezi kutenganishwa.

Mchangiaji wa tatu

Wataalamu, mimi ni mtu wa mashairi na nimevutwa na hayo majina ya toni za kale. Sisi tuna mizani na vina. Je, washairi wao waliziingiza toni katika kanuni za utunzi, au zilibaki kwa wanaisimu?

Mleta mada

Waliziingiza, kaka, na kwa ukali kuliko sisi tulivyoshika mizani. Katika shairi la arudhi la wakati wa nasaba ya Tang, kati ya 618 na 907, mistari ni minane, kila mmoja una silabi tano au saba, na vina huja katika mistari ya shufwa. Juu ya hayo, toni nne ziligawanywa makundi mawili: toni sawa upande mmoja, na nyingine tatu, zinazoitwa za mshazari, upande wa pili. Mstari wa silabi tano unaweza kuwa "mshazari mshazari sawa sawa mshazari", na mwenzake lazima uupinge mahali panapohitajika: "sawa sawa mshazari mshazari sawa". Mtunzi anahesabu silabi kama malenga wetu anavyohesabu mizani 8 kwa 8, kisha anapima kidatu cha silabi zile muhimu za 2 na 4.

Hapa kuna hasara inayonisikitisha. Toni ya kuingia, ile ya silabi zilizoishia kwa p, t au k, imekufa Beijing, na maneno yake yametawanyika katika toni zote nne. "Kumi" lilikuwa la mshazari. Leo ni *shí*, toni ya pili, ambayo kwa sikio la leo ni ya kundi la toni sawa. "Nchi" ni *guó*, vilevile. Mtoto wa Beijing akisoma shairi la Tang kwa lafudhi yake, baadhi ya mistari inaonekana imekosewa, ilhali mtunzi hakukosea hata silabi moja. Mtoto wa Guangzhou anasema *sap* na *gwok*, na kanuni inarudi mahali pake. Ningeshauri mtu yeyote anayependa mashairi hayo ayasikilize walau mara moja kwa Kikantoni.

Mchangiaji wa nne

Nimefuatilia kwa makini, na nina jambo moja halijaguswa. Kama kidatu kimekwisha kutumiwa na maneno, Mchina anaulizaje swali, anakasirikaje, anasisitizaje neno? Kiswahili kinatumia kidatu kwa kazi hizo zote.

Mchangiaji wa pili

Hutumia kidatu hichohicho, dada, kwa kiwango kingine. Chao alitoa mfano wa vijiwimbi vinavyopanda juu ya mawimbi makubwa: toni ni vijiwimbi, kiimbo ni wimbi. Swali la Kimandarini lisilo na neno la kuuliza huinuliwa lote, hasa kuelekea mwisho, lakini silabi ya toni ya nne bado inaporomoka; inaporomoka tu kutokea juu zaidi. Neno linalosisitizwa hupanuliwa: juu yake inakuwa juu zaidi na chini yake chini zaidi, na maneno yote yanayofuata hubanwa na kuteremshwa. Huo ubanaji ndio unaomwambia msikilizaji kwamba habari muhimu imekwisha kupita. Wanafunzi wetu husisitiza kwa nguvu ya sauti peke yake, wakaacha maneno ya mwisho yamesimama wima, na Mchina haelewi mkazo uko wapi.

Kikantoni kina shida kubwa zaidi, kwa kuwa kina toni sita na nafasi ya kuchezea ni finyu. Mwishoni mwa swali la mshangao sauti hupanda kwa nguvu, na silabi ya mwisho yenye toni ya chini huanza kufanana na toni ya kupanda, hata wasemaji wazawa wenyewe hulikosea neno likichomolewa peke yake. Kwa hiyo lugha hiyo imekuza vijineno vingi vya mwisho wa sentensi, vinavyobeba shaka, msisitizo, ukumbusho, upole. Kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kiimbo, na kwa "basi", "kwani", "ati" na "jamani", wao wameihamishia huko kwa sehemu kubwa.

Mchangiaji wa tano

Niongeze la kwetu kwa ufupi, kwa sababu mimi ni Mdigo wa Kwale. Hoja ya kwamba masikio ya pwani hayakuumbiwa toni si kweli. Lugha nyingi za Kibantu zina toni. Kiswahili ndicho kilichopoteza. Katika Kidigo, toni ya juu ya mzizi wa kitenzi haisikiki pale mzizi ulipo, husogea hadi mwisho wa neno, na katika mazingira mengine hadi mwisho wa kirai. Je, kuna kitu kama hicho huko Asia, au kila silabi ya Kichina hubaki na toni yake mahali pake?

Mleta mada

Kipo, na nashukuru umelileta. Shanghai, neno la silabi tatu au nne huchukua toni ya silabi ya kwanza pekee. Toni za nyingine zote hufutwa, na ile ya kwanza hutandazwa juu ya neno zima. Katika lugha za Kitamang za Nepal toni ni mali ya neno na wala si ya silabi. Lhasa, neno la silabi mbili hutofautishwa na toni ya silabi ya kwanza tu, na ya pili kwa kawaida hukaa juu. Nadharia inayoeleza mwendo huu, kwamba toni ina uzi wake unaojitegemea na unaweza kuachana na silabi iliyouzaa, iliwekwa wazi na John Goldsmith mwaka 1976, kwa kuchunguza zaidi lugha za Kiafrika kama Kiigbo. Waliochunguza Shanghai waliikuta inawafaa.

Kinyume chake ni Kimin cha Taiwan, tawi jingine la Kichina. Huko kila silabi ya kirai hubadili toni isipokuwa ya mwisho, na mabadiliko yenyewe yanazunguka: 55 inakuwa 33, 33 inakuwa 21, 21 inakuwa 51, na 51 inarudi kuwa 55. Ukisikia silabi yenye toni yake halisi, ujue kirai kimefika mwisho. Mdigo anayesikiliza toni ya juu ikitua mwishoni mwa kirai na Mtaiwan anayesikiliza silabi isiyobadilika wanafanya kazi moja ya kutambua mpaka, na wewe uliyekulia Kwale una mazoezi ambayo wengi wanaoanza Kichina hawana.